Tupeane uzoefu: alaimenti ya gari iliyoshushwa au kuinuliwa

Mwanzisha mada
Wakuu kwema? Nina Toyota Mark II GX110 nimeipiga springi fupi, imekaa chini vizuri sana ila tairi za mbele zinalika upande wa ndani mpaka waya unachungulia, wakati nje kashata (meno ya tairi) bado zipo. Kila kituo cha alaimenti (kupanga pembe za tairi) jibu ni lile lile, "bosi ukishashusha hii haipangiki tena", na hela wanachukua. Kuirudisha juu sitaki. Mliopita njia hii mlifanyaje?

Mzee wa Forester
Yangu ni Subaru Forester SG. Zile shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe zilikufa, gari ikawa inakaa kama imebeba magunia ya mkaa, nikafunga za kawaida na springi zake plus spesa (vipande vya kuinua). Ikaanza kuvuta kushoto. Kituo cha kwanza jamaa kagusa tairodi (fimbo za stering) za mbele, kanyoosha stering, "tayari kaka". Tayari wapi! Subaru mbele ile bolti ya juu inayoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba gurudumu) ukiizungusha kemba (tairi kulala ndani au nje) inabadilika, na nyuma kuna bolti za kupanga too (tairi kutazama ndani au nje), hakugusa hata moja. Fundi wa pili akaanzia nyuma ndo akaja mbele. Bolti za nyuma zilishashikana kutu na bushi (mpira wa kwenye kiungo) ikabidi azikate aweke mpya, na hapo ndo hela ilipoenda, sio kwenye mashine.

Fundi wa miguu
Mwanzisha mada, watu wanailaumu kemba bure. Tairi likilala digirii moja na nusu ila likawa linatazama mbele sawasawa litaishi tu. Muuaji ni too. Ukishusha, mikono inayoshika gurudumu inabadilika pembe na too inahama yenyewe, tairi linatazama nje kidogo halafu unaliburuza kwenye lami siku nzima. Pitisha kiganja juu ya kashata toka nje kwenda ndani, kisha rudi. Kama njia moja inateleza na nyingine inakwaruza basi ni too hiyo.
Kabla ya mashine tingisha kwanza boljointi (viungo vya mikono) na bushi, pima upepo. Springi mpya tembea nazo kidogo zikae. Na bolti za mikono zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, sio linaning'inia kwenye jeki, bushi ikikazwa imejipinda inachanika mapema. Fundi wa mashine anapanga kasta (mlalo wa mhimili wa stering, mbele au nyuma) na kemba, too inakuwa ya mwisho, akigeuza mpangilio huo mwambie arudie.

Vumbi Tupu
Sisi wa kuinua tuna kesi nyingine. Land Cruiser 78, inchi 2 juu. Mashine ikatoa kijani (yaani iko sawa) kwenye too lakini barabarani stering ukikata hairudi yenyewe, ukifika 80 inatangatanga. Ni kasta, ukiinua inapungua, na ekseli nzima ya mbele haina bolti ya kuirekebisha. Tukafunga bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono ya mbele, ikatulia. Halafu ekseli ilikuwa imesogea upande mmoja, ile fimbo ya kuishika ikabadilishwa na ya kurefusha. Wenye Prado 120 nyie mna bolti za kamu kwenye mkono wa chini, zikifika mwisho ndo mnatafuta mikono ya juu ya kununua.

Dada wa Kigoma
Fundi wetu alitumia uzi. Kaunyoosha pande zote mbili usawa wa katikati ya rimu, stering kaifunga isicheze, mimi nikakaa kwenye siti, akapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na wa nyuma. Kwa too inatosha kabisa, gari inakwenda. Kasta hapo usimuulize.

Crown Mtumba
Wenye gari za VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza), stering ikishanyooshwa ile sensa yake nayo iwekwe sifuri. Mimi taa iliwaka mpaka ikawekwa.

Mwanzisha mada
Fundi nimepitisha kiganja, kwenda kunakwaruza kurudi laini, kulia zaidi. Bushi za mkono wa chini nazo zimepasuka kumbe, naanza na hizo. Sasa kwa hapa Dar nani anakijua kituo kinachokubali kukuprintia vipimo vya kabla na baada, na kinachogusa nyuma bila ugomvi? Njooni PM.