Maji moto ya mtambo wa nyuklia Siaya: hizo nyuzi 3 zitapimwa wapi?

Mleta mada, Kisumu

Wakuu, salamu. Mjadala wa nyuklia hapa Kenya umegawanyika kati ya wanaoogopa mionzi na wanaoahidi ajira. Mimi naleta jambo ambalo litatokea kila siku, hata mtambo ukiwa mzima na wafanyakazi wake hodari: maji ya moto yatakayomwagwa ziwani.

Kwa ambaye hakufuatilia, mpango wa awali ulikuwa kujenga mtambo wa takriban megawati 1,000 Uyombo, Kilifi. Wenyeji wakakataa, Mei 2024 polisi wakawatawanya waandamanaji, na mwaka 2025 serikali ikahamishia macho Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Lwanda Kotieno ni moja ya sehemu zilizotajwa. Shabaha ya NuPEA, wakala wa serikali unaosimamia mpango huu, ni umeme kuanza kutoka mwaka 2034.

Sasa hesabu. Mtambo wa nyuklia hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Ukitaka megawati 1,000 za umeme, unabaki na kama megawati 2,000 za joto la kutupa. Njia nyepesi kwa mjenzi ni kuvuta maji ziwani, kuyapitisha kwenye mabomba yanayopoza mvuke, kisha kuyarudisha ziwani yakiwa yamepata moto. Ukiruhusu yapande nyuzi 10, unahitaji kama mita za ujazo 48 kila sekunde, usiku na mchana.

Kanuni zetu za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kwamba maji yanayomwagwa yasitofautiane na joto la asili la ziwa au mto kwa zaidi ya nyuzi 3. Rudia hesabu kwa nyuzi 3: mtambo uleule utahitaji karibu mita za ujazo 160 kwa sekunde. Mto Nzoia, ambao ndio mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani kutoka upande wa Kenya, hupitisha wastani wa takriban 115. Hakuna mwekezaji atakayejenga mabomba ya kupitisha mto unaoushinda Nzoia. Kitakachokuja, na hapa naomba tuwe macho, ni ombi kwamba zile nyuzi 3 zisipimwe kwenye mdomo wa bomba bali mamia ya mita mbele yake, maji yakishachanganyika. Taiwan walipima hivyo, mita 500 kutoka mdomoni, na waliruhusu nyuzi 4. India mitambo ya pwani imeruhusiwa nyuzi 7. Kila kilicho hai ndani ya hizo mita 500 kinakuwa kimeshatolewa sadaka kwenye karatasi.

Na Lwanda Kotieno si ufuo wowote tu. Iko kwenye mlango wa Rusinga, pale Ghuba ya Winam inapobadilishana maji na ziwa kuu. Ghuba yenyewe ni ya kina kifupi, gugu maji limeizoea, na maji yake hugeuka kijani kwa sababu ya mbolea na majitaka yetu. Mlango wa pili, ule wa Mbita, ulizibwa na tuta la barabara miaka ya 1980, na watu wakasubiri miongo mitatu hivi mpaka daraja likajengwa na maji yakapita tena. Leo tunataka kuweka bomba la maji moto kwenye mlango uliobaki wazi wakati wote huo.

Msimamo wangu ni huu: kama mtambo lazima uje Siaya, mkataba uandikwe minara ya kupozea, wala si kuvuta na kumwaga. Palo Verde kule Arizona ina vinu vitatu katikati ya jangwa na inapozwa kwa majitaka yaliyosafishwa kutoka eneo la Phoenix. Mnara hupoteza maji kama mvuke, lakini kwa megawati 1,000 ni chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde. Ndiyo, ni ghali zaidi, na unakula sehemu ya umeme. Gharama hiyo ionekane kwenye bei tangu siku ya kwanza, asije kuilipa mvuvi kimyakimya.

Karibuni.

Mfugaji wa samaki, Usenge

Mleta mada umesema, ila joto lenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hewa. Kwenye usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 25 yanaweza kubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 35 hayabebi zaidi ya 7 hivi. Wakati huohuo, samaki akipata joto anahitaji kupumua zaidi.

Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wetu huu maji yalipokosa hewa. Niliona kwa macho yangu: alfajiri ngege (tilapia) wamejaa juu wakipiga midomo, na kabla jua halijapanda matumbo meupe yameshageuka juu. Hapo hakukuwa na mtambo wowote. Ni maji ya chini tu yaliyopanda. Sangara akiona joto atahama. Ngege wangu wamefungwa wavuni, hawana pa kwenda. Nani ataandika kwenye tathmini ya mazingira kwamba vizimba vipo, na viko vingapi, kabla bomba halijachorwa?

Mchangiaji, Nakuru

Tuseme ukweli, hayo maji si yatakuwa na mionzi kama ya Fukushima?

Mleta mada, Kisumu

Hapana, mkuu, tusichanganye. Kwenye mitambo mingi ya sasa maji yanayogusa fueli ya kinu yamo kwenye mzunguko wake uliofungwa. Hayo yanapasha maji ya mzunguko wa pili, yanayozalisha mvuke wa kuzungusha mashine. Maji ya ziwa ni ya mzunguko wa tatu: yanapoza mvuke kupitia kuta za mabomba na kurudi. Ya Fukushima, yaliyoanza kumwagwa Agosti 2023, yalitokana na vinu vilivyoharibika na yakasafishwa kwanza. Hilo ni suala jingine. Hapa nazungumzia joto peke yake, na mtambo wa makaa au mafuta ungelitoa vilevile. Turkey Point, Florida, mitambo iliyotangulia vinu vya nyuklia ilikuwa ya mafuta, na maji yake moto ndiyo yaliyoua nyasi za baharini kwenye Ghuba ya Biscayne. Serikali ya Marekani ikashtaki mwaka 1970, na kampuni ikalazimika kuchimba mtandao mkubwa wa mifereji ya kupozea.

Mhandisi, Abu Dhabi

Ndugu zangu, naheshimu hoja, ila tuweke vipimo sawa. Jua la ikweta linamwaga zaidi ya wati 200 kwa kila mita ya mraba ya ziwa, ukichukua wastani wa usiku na mchana. Ukigawa megawati 2,000 kwa ziwa zima la kilomita za mraba 68,000 na ushei, hupati hata sehemu ya kumi ya wati moja. Hata ukigawa kwa Ghuba ya Winam pekee, kilomita za mraba 1,400 hivi, ni wati moja na nusu. Tusiwatishe watu kwamba ziwa litachemka.

Huku Emirati, Barakah ina vinu vinne, megawati 5,600 kwa jumla, na inapozwa na maji ya Ghuba ya Uajemi ambayo kiangazi yanafika nyuzi 35. Inafanya kazi. Ufaransa mwishoni mwa Juni 2025 walizima kinu cha Golfech kwa sababu mto Garonne ulikuwa unakaribia nyuzi 28, ambazo ndizo mwisho ulioruhusiwa. Yaani kanuni zipo na zinatekelezwa. Na Golfech ina minara, kwa hiyo msiichukulie minara kama dawa ya kila kitu. Mnara nao hutoa maji machafu kidogo yenye chumvi na kemikali za kuzuia ukoga, na hayo lazima yaende mahali.

Mwenyeji wa Watamu

Mimi ni wa huku pwani tulikoanza kupiganishwa na jambo hili. Tulipewa semina za usalama wa kinu, lakini tulipouliza maji ya moto yatatokea upande gani wa mkondo wa Mida, na kasa wa Watamu na matumbawe ya hifadhi iliyopo tangu 1968 yatapata nyuzi ngapi, majibu yalikuwa ya juujuu. Matumbawe yetu yanaishi karibu sana na mwisho wa joto yanaloweza kuvumilia. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, yalibadilika kuwa meupe na mengi yakafa, na hapakuwa na bomba la mtu. Kule kusini mwa Taiwan, mtambo wa Maanshan ulianza miaka ya 1980 na kabla ya muongo kwisha matumbawe ya Nanwan yaliyo karibu na mdomo wake yalikuwa yamepauka.

Wenzetu wa Siaya, msikubali wastani wa ghuba nzima. Mhandisi amegawa joto kwa kilomita 1,400, lakini bomba halimwagi kwa kilomita 1,400. Linamwaga mahali pamoja, karibu na ufuo, na kwenye maji ya kando ndiko samaki wengi wanakozalia. Na ulizeni pia upande wa kuvuta: mayai na samaki wachanga wanaopita kwenye chujio huingia na maji, na wengi hawatoki hai.

Jambo jingine: wavuvi wa Lamu waliamriwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76 na mahakama mwaka 2018 kwa sababu ya bandari. Hukumu ilitoka kazi ikiwa imeshaanza. Nyinyi bado mna nafasi ya kwenda mahakamani mapema.

Mchangiaji, Mwanza

Wakuu, Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili. Kubwa liko kwetu na Uganda. Kuna Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria ya mwaka 2003, na kamisheni yake inakaa hapohapo Kisumu. Uganda nayo inapanga nyuklia Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, linalopokea maji ya Naili yanayotoka kwenye ziwa hili hili. Kikomo cha joto kiwe kimoja kwa nchi zote, na kiandikwe kabla ya yeyote kusaini. Mwalo wa huku hauna tofauti na ufuo wa Siaya: dagaa hawajui mpaka.

Mleta mada, Kisumu

Mhandisi, hesabu yako ya wastani ni sahihi na nashukuru umeileta, maana kuna watu wanasambaza habari kwamba ziwa litachemka. Dada wa Watamu ameshakujibu kuhusu mahali. Kuhusu Golfech na minara yake, tatizo pale ni kwamba mto wenyewe unafika umeshapata joto la kiangazi, na kikomo kimewekwa kwenye mto. Bila minara wangezima mapema zaidi. Hayo maji machafu ya mnara ni kidogo, yanaweza kukusanywa, kupozwa na kusafishwa, tofauti na mita za ujazo 48 kila sekunde.

Ila mfano wako wa Ufaransa ndio unaonipa hofu zaidi. Ufaransa ina vinu 57. Ukizima kimoja Golfech, taa za Paris hazitikisiki. Marekani vilevile: Agosti 2012 Millstone, Connecticut, walizima kinu kimoja kwa sababu maji ya bahari yalipita nyuzi 24 hivi, na gridi ikaendelea. Kenya kilele cha matumizi yetu kilipita megawati 2,300 mwaka 2025. Kwa matumizi hayo, kinu kimoja cha 1,000 kingebeba zaidi ya theluthi ya nchi. Siku ghuba imetulia, hakuna upepo, kipima joto kimevuka kikomo na ngege wameanza kupanda juu kutafuta hewa, ni ofisa gani wa mazingira atakayepiga simu na kuamuru nusu ya Nairobi iingie gizani? Kikomo ambacho utekelezaji wake ni kuzima mtambo huo hakitatekelezwa, na watu wote kwenye meza ya mkataba watakuwa wanalijua hilo. Ndiyo maana nataka minara iandikwe kwenye zabuni yenyewe, na vipima joto na oksijeni viwekwe Lwanda Kotieno, Mbita na Homa Bay kuanzia sasa, kwa kina tofauti, takwimu zikiwa wazi kwa kila mtu, ili tujue ghuba ilivyokuwa kabla.

Mhandisi, wewe uko karibu na Barakah: kikomo cha joto kule kinapimwa mdomoni mwa mfereji au nje baharini, na vipimo vya kila siku vinawekwa hadharani? Naomba jibu lako kabla ya vikao vya wananchi kuitishwa huku.