Naomba ushauri: kuvaa kilti kisasa kwenye harusi Glasgow

Habari zenu wakuu. Rafiki yangu Mskoti anaoa mwezi ujao hapa Glasgow na mimi ni mmoja wa wapambe wake. Sote tunavaa kilti, ile sketi ya asili ya wanaume wa Kiskoti. Nataka nipendeze kisasa bila kulivunjia heshima vazi la wenyewe.

Kilti nimeshapata ya kukodi: sufu nzito ya kijivu iliyokolea, marinda nyuma, inafungwa usawa wa kitovu na kuishia katikati ya goti. Shida iko juu. Koti la Prince Charlie, lile fupi rasmi la kuvaa na kilti, pamoja na tai ya kipepeo naona ni la jioni zaidi, na ndoa inafungwa saa nane mchana. Moyo wangu uko kwenye koti la twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, na kizibao chake. Sporani, ule mkoba wa mbele, iwe ya ngozi tupu au yenye manyoya?

Viatu ndivyo vinaninyima raha. Vile vya ghillie havina ulimi, na kamba zake ndefu zinazungushwa juu ya kifundo cha mguu. Naweza kuvaa buti fupi nyeusi badala yake, soksi nikazikunja chini ya goti? Na tai ya kitenge itaendana na twidi kweli? Mliowahi kuvaa nisaidieni, hata picha nitashukuru sana.