Gavana Gowers alitaka Kiswahili mashuleni Uganda ikakataa, ilikuwaje?

Dereva_Ntebe

Jamani habari zenu. Mimi nabeba abiria kutoka uwanja wa ndege Entebbe kwenda Kampala na kazi hii ukiwa na mdomo unajifunza mambo mengi. Juzi nilibeba wazee wawili wa Mwanza, tunapiga Kiswahili safi, tukapita upande wa Ikulu nikawaambia hapa ndipo walikaa magavana wa Mwingereza, Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa kule Mengo na serikali ilikuwa huku ziwani. Basi mmoja akaniuliza, kijana, Mwingereza aliwatawala nyinyi na Wakenya na sisi pia baada ya Mjerumani, mbona sisi tumetoka na Kiswahili nyinyi mkakwama wapi? Nikacheka nikamjibu majibu ya kila siku, kwamba ni sababu ya Amin na wanajeshi, watu walikipigiwa viboko wakakichukia.

Yule mzee wa pili alikuwa kimya tangu tutoke, akasema hapana mwanangu, mlikuwa na gavana anaitwa Gowers, alitaka kukiingiza mashuleni Amin bado yuko mgongoni kwa mama yake, mkamkatalia wenyewe. Nikanyamaza mpaka Kajjansi, sikuwa na jibu.

Sasa nauliza. Gavana si ndiye alikuwa mungu mdogo hapa? Walimkamata Mwanga mfalme wa Buganda na Kabalega mfalme wa Bunyoro wakawapeleka Ushelisheli, kodi waliweka, pamba walilimisha watu, sasa kwa lugha tu wanashindwaje? Mwenye kujua aniambie maana wale wazee wanarudi Jumamosi na nitawapeleka uwanjani mimi mwenyewe.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana wangu, huyo mzee amekuambia kweli. Ila kwanza nikusahihishe kidogo usije ukaaibika Jumamosi. Mwanga na Kabalega walikamatwa 1899, wakati huo hatukuwa na gavana, tulikuwa na kamishna. Cheo cha gavana kimeanza 1907 na Hesketh Bell, huyohuyo aliyehamisha watu visiwa vya Ssese na mwambao wote wa ziwa kwa sababu ya malale, ugonjwa ambao uliua watu zaidi ya laki mbili. Kwa hiyo ndio, walikuwa na nguvu za kuhamisha nchi nzima kwa amri ya karatasi. Lakini angalia nani alikuwa anaipeleka hiyo karatasi kijijini. Sio Mzungu. Wazungu wa serikali walikuwa wachache sana, ukiwapanga kwenye mabasi ya siku hizi hawajazi stendi. Karatasi ilipelekwa na chifu wa ssaza, akampa wa gombolola, akampa wa muluka, na hapo ndipo utamu wa hadithi yako ulipo.

Mkataba wa 1900 ambao Harry Johnston aliufunga na watawala wa Buganda ulitiwa saini na Apolo Kagwa, Mugwanya na Kisingiri kwa niaba ya Daudi Chwa, maana Kabaka alikuwa mtoto wa miaka mitatu minne hivi. Wakubwa wakapata ardhi ya mailo, yaani ardhi yao wenyewe, Lukiiko, baraza la Buganda, likatambuliwa, Mwingereza akapata kodi na utulivu. Sasa ukishaandikiana na mtu hivyo huwezi kuamka asubuhi ukamwambia kuanzia leo watoto wako watasoma kwa lugha ya pwani. Unaweza kumwambia, lakini yeye ndiye ameshika makabidhiano yote, shule ni za misheni, chifu ni wake, kalamu ni yake.

Gowers alifika 1925 akitoka Nigeria ya Kaskazini alikokuwa naibu gavana, na kule Kihausa ndicho kilikuwa kinawasaidia maofisa kuzungumza na watu wa makabila chungu nzima. Mimi nafikiri (hii ni fikra yangu) alikuja hapa akaona kila wilaya na lugha yake akasema hapana, nitafutieni Kihausa cha huku. 1927 akaandika waraka wake wa kutaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala. Tena kuna kichekesho, ndugu yake Ernest Gowers ndiye aliyekuja kuwafundisha watumishi wa serikali kule Uingereza waandike Kiingereza chepesi, yaani familia nzima ilikuwa inahangaika na lugha za maofisi.

Aliyemjibu kwa nguvu ni Daudi Chwa, sasa ameshakuwa mtu mzima. 1929 akaandika kwamba anakipinga Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Buganda. Na maaskofu nao wakapinga. Askofu Tucker hata kabla ya hapo alikuwa ameshasema lugha moja kwa Afrika ya Kati ni jambo la kutamaniwa, ila Mungu apishe mbali isije ikawa Kiswahili, kwake kilinuka Uislamu. Wakati mmisionari mwenzake Mackay alikuwa anakitaka, na tena ikulu ya Mutesa wa Kwanza watu walikuwa wanakizungumza na wafanyabiashara wa pwani bila tabu! Kiswahili kilifika Mengo kabla ya gavana yeyote, hilo watu wanasahau.

Kato_Masaka

Asante mwalimu lakini mbona unaeleza kama Baganda walikuwa wakaidi tu. Hujamwambia kijana jambo kubwa. Miaka ileile London walikuwa wanatafuta kuunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, tume ya Hilton Young ilipita huku ikiuliza watu. Kenya kulikuwa na masetla wameshachukua ardhi, watu wetu walikuwa wanaona kwa macho. Sasa gavana anakuletea lugha ya Nairobi wakati huohuo anakuletea muungano na Nairobi, wewe ungefikiri nini sebo? Ni kama mtu anakupimia kaburi halafu anasema hapana, naangalia tu urefu wako. 1931 Serwano Kulubya alikwenda mpaka London akasimama mbele ya kamati ya bunge akakataa muungano. Babu zetu walikataa Kiswahili kwa sababu walikiona ni mlango, kwa upande ule kuna mwenye mashamba.

Na Luganda ilikuwepo tayari, ilikuwa na Biblia, ilikuwa na magazeti, kwa nini tuiache?

Mnyoro_wa_Hoima

Hahaha Luganda ilikuwepo tayari. Ilikuwepo tayari wapi Kato? Kwenu. Huku ilikuja na machifu wenu wamepanda farasi wa Mzungu. Mwingereza Colvile alipigana na Kabalega 1894 halafu wakakata nchi yetu wakaipa Buganda, mpaka kura ya maoni ya 1964 ndio Buyaga na Bugangaizi zikarudi, baba yangu alipiga kura hiyo. Na 1907 wazee wetu walipofanya Nyangire walikuwa wanasema tumewakataa Baganda, hawakusema tumemkataa gavana. Gavana hata hawakumjua sura. Aliyekuwa anawaamrisha kwa Luganda, anasomesha Biblia kwa Luganda, anaandika kodi kwa Luganda ndiye waliyemwona.

Ndio maana mimi napenda mnapozungumza gavana gavana muulize na nani alikuwa mkono wa gavana. Kule mashariki ilikuwa Kakungulu, mkuu wa vita Mganda, alipita Bukedi na bunduki na watu wake akaweka ngome akapanda miembe, Mwingereza akaja nyuma akasema ahsante hii tunaichukua. Sasa Mteso ama Mlango ukimuuliza 1927 unataka Kiswahili ama Luganda, unafikiri angesema nini? Lakini nani alimuuliza! Lukiiko lilikuwa na mtu wa kuandika barua London, sisi tulikuwa na watu wa kulipa kodi.

Kato_Masaka

Mnyoro umeanza, swali ni Gowers si kaunti zilizopotea 😂

Mnyoro_wa_Hoima

Ni hilohilo ndugu yangu, soma tena taratibu.

Binti_Bombo

Salaam aleikum wapendwa. Nimesoma yote nikaona hakuna aliyetutaja sisi. Mimi ni Mnubi, nimezaliwa Bombo, kwetu Kiswahili hakikusubiri waraka wa gavana. Babu zetu ni wale askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua 1891 karibu na Ziwa Albert akawaleta kujenga ngome zake, na baadaye Keya, jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, ilipokuja Bombo ndio ilikuwa kambi. Amri zilikuwa Kiswahili, nyumbani Kinubi, sokoni Luganda, msikitini Kiarabu, mtoto wa miaka sita anazo zote nne na hakuna aliyempigia makofi.

Babu yangu alikuwa na bati la biskuti chini ya kitanda. Ndani kuna cheti chake cha kuachishwa jeshi, medali moja imepoteza utepe, na risiti za kodi zimefungwa na uzi wa kushonea kofia, mwaka juu ya mwaka. Siku akifungua lile bati tulikaa chini kimya. Alikuwa anatoa risiti moja moja anasema "hii Gavana alikula, hii Gavana alikula" halafu anafika kwenye cheti anasema "na hapa mimi nilikula kwa Gavana". Jina la gavana hakulijua, kwake walikuwa mtu mmoja tu anayebadilisha kofia. Mimi ndio nimekuja kujua shuleni kwamba wakati wa utumishi wake walipita Gowers, Bourdillon, Mitchell na Dundas.

Sasa nirudi kwa swali. Mwalimu na Kato wamesema ardhi na dini na muungano, sawa. Lakini kuna dharau pia, tuseme ukweli. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, mpishi, boi na mbeba mizigo. Mkubwa wa Mengo mtoto wake yuko Budo anasoma Kiingereza, utamwambiaje asome lugha ambayo inamfokea mlinzi wa geti? Ni dharau hiyohiyo mpaka leo, nikiongea Kiswahili kwenye taksi watu wanashika mifuko yao vizuri.

Mwalimu_Mstaafu

Nyabo umenena, na mimi niliyefundisha miaka thelathini naungama niliwahi kuwa na dharau hiyo.

Kijana bado hujajibiwa ile ya "gavana anashindwaje". Angalia hivi. Mwaka mmoja kabla ya waraka, 1926, huyuhuyu Gowers akiwa Entebbe, Apolo Kagwa aliondoka ukatikkiro, yaani uwaziri mkuu wa Buganda, aliokuwa nao tangu 1889. Aligombana na pisii, yaani kamishna wa jimbo, Postlethwaite, ugomvi wa vibali vya pombe, kumbe chini yake ni nani mwenye haki ya kuwaamrisha machifu wa Buganda, Katikkiro ama ofisa kijana wa Mzungu. Kagwa akashindwa, mwaka uliofuata akafa Nairobi. Kwa hiyo kumtoa mtu mmoja, hata mtu mzito kama Kagwa, gavana aliweza. Kinachomshinda ni pale watu wote wa kati wakikunja mikono kwa pamoja, Kabaka, machifu, maaskofu. Hawakuandamana, hawakuchoma kitu. Waliandika barua tu na kuendelea kufundisha Luganda.

Gowers akaondoka 1932, Kiswahili kikabaki polisi na jeshini, mashuleni kikafifia polepole.

Kato_Masaka

Na Cohen je? Hapo mwalimu unipe nafasi maana bibi yangu alinihadithia. Andrew Cohen huyu hakuwa mbaya kama wengine, akiwa gavana alileta Waafrika zaidi kwenye Legiko, baraza la kutunga sheria, akasaidia vyama vya ushirika kupata viwanda vya kuchambua pamba. Lakini 1953 waziri wa makoloni Lyttelton akaropoka kwenye chakula London kuhusu shirikisho la Afrika Mashariki, mambo yaleyale ya Hilton Young yamerudi. Kabaka Mutesa wa Pili akakataa, akataka Buganda ipewe tarehe ya uhuru wake. Tarehe 30 Novemba Cohen akamwita Entebbe, akamwekea karatasi akatae ama akubali, akakataa, jioni ileile yuko kwenye ndege ya jeshi anapelekwa Uingereza.

Bibi anasema wanaume waliacha kunyoa ndevu, wengine wakavaa mbugo, nguo ya magome ya mti, kama kwenye msiba. Masaka nzima ndevu! Na huyo gavana mwenye ndege za kijeshi, Oktoba 1955 akamrudisha Kabaka kwa mikono yake. Miaka miwili tu.

Mnyoro_wa_Hoima

Hapo Kato nakuunga mkono, bila kaunti zozote.

Ila ongeza hii, Kabalega alikaa Ushelisheli zaidi ya miaka 20, akaruhusiwa kurudi 1923 akafia njiani pale Mpumudde Jinja, hakuiona Bunyoro. Hakuna gavana aliyekunjiwa mikono kwa ajili yake. Sisi hatukuwa na mkataba mpaka 1933. Mtu mwenye karatasi anafukuzwa miaka miwili, asiye na karatasi anarudi maiti.

Dereva_Ntebe

Wakubwa zangu asanteni sana, nimesoma hii nikiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege mpaka mlinzi akanigongea kioo. Kwa hiyo Jumamosi nitamwambia mzee, ni kweli tulimkatalia, lakini "sisi" hiyo ni ya watu wachache waliokuwa na barua ya kuandika, na walikuwa wanaogopa masetla. Na nyinyi mlianzishiwa na Mjerumani, akida wake alikuwa anaandika Kiswahili kabla Mwingereza hajafika, hamkupigania chochote 😄 sijui atanilipa kweli.

Dada wa Bombo, lile bati bado lipo? Nina abiria wengine hupenda kuona vitu kama hivyo, na mimi mwenyewe kwanza.

Binti_Bombo

Lipo kwa shangazi. Risiti za juu zimeliwa na mende, cheti kizima. Njoo Ijumaa baada ya swala, lakini ukifika zungumza Kiswahili, shangazi hataki kusikia Kiingereza ndani ya nyumba yake.