Mjadala: Je, mpenzi wa tamthilia za kebo ana haki ya kuiita ya jirani upuuzi?

Wasomaji wapenzi, naleta kwenu swali lililougawa mtaa wetu wa komuni ya Kampemba, hapa Lubumbashi, tangu mvua za kwanza. Tuna chumba cha video ambacho hufurika watu siku za mpira. Jioni nyingine akina mama hulipa faranga chache kutazama tamthilia ndefu za mapenzi zilizotiwa sauti za Kifaransa, kwa kuwa chumba kina jenereta na umeme wa nyumbani hautabiriki. Sasa vijana fulani, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, wamemwomba mwenye chumba awatengee jioni ya Alhamisi ili waonyeshe tamthilia za Marekani zilizotoka kwenye televisheni za kebo, wakianza na The Wire, hadithi ya polisi na wauza dawa za kulevya wa mji wa Baltimore. Ombi lenyewe halikuwa na kosa. Kosa liliingia pale waliposema, mbele ya akina mama hao hao, kwamba wanakuja kuleta sanaa na kuondoa upuuzi. Mwenye chumba, ambaye anaijua biashara yake, aliahirisha jibu, na tangu siku hiyo tunasalimiana kama watu wa Mazembe na watu wa Lupopo, timu mbili hasimu za mji wetu, jioni ya mechi.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, na nautaja msimamo wangu mapema ili nisijifanye mwamuzi: vijana wapewe Alhamisi yao, lakini sababu waliyoitoa ni mbaya, na aliyeitoa hajaitazama vizuri tamthilia anayoipenda.

Kwanza niseme kinachozungumzwa. Hapa kwetu hakuna mtu aliyeiona tamthilia ya kebo kwa kebo. Tunazipata kwa antena ya sahani au, mara nyingi zaidi, kwenye flash inayopita mikono kumi kabla ya kufika kwako. Huko zilikozaliwa, neno hilo lina maana ya fedha. Televisheni ya kawaida ya Marekani iliishi kwa matangazo ya biashara, kwa hiyo ililazimika kumpendeza kila mtu kwa wakati mmoja na kuikata hadithi kila dakika chache ili sabuni ipite. HBO, kituo cha kebo kilichoanza mwaka 1972, iliishi kwa ada ya wanachama wake, na mwanachama huendelea kulipa hata akipenda kitu kimoja tu. Ndiyo maana mwaka 1999 iliweza kuanzisha The Sopranos, hadithi ya mkuu wa genge wa New Jersey anayekwenda kwa daktari wa akili, ikaiendesha kwa sehemu 86 hadi mwaka 2007, na kuimaliza kwa skrini inayozimika ghafula bila kumwambia mtazamaji yaliyompata mtu huyo. Ubishi kuhusu sekunde zile haujaisha hadi leo.

Vijana wetu hupenda kutetea shauku yao kwa vikombe. Watakuambia kwamba mwaka 2013 chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani kiliiweka The Sopranos juu ya orodha ya tamthilia 101 zilizoandikwa vizuri kuliko zote, na kwamba Game of Thrones ilizoa tuzo 59 za Emmy, zile tuzo kuu za televisheni za Marekani. Ni kweli. Lakini The Wire, ambayo wao wenyewe wanaiweka juu ya kila kitu, haikupata Emmy hata moja katika sehemu zake 60. Kama ni vikombe vinavyotenganisha sanaa na upuuzi, basi walichokichagua kwa Alhamisi ya kwanza kimeanguka kabla jenereta halijawashwa.

Thamani yake iko mahali pengine, na mtu wa Lubumbashi angepaswa kuwa wa kwanza kuiona. Msimu wa pili wa The Wire unaonyesha makuli wa bandari ya Baltimore, watu waliorithi kazi kutoka kwa baba zao na sasa wanasubiri meli zisizokuja. Kiongozi wa chama chao anapitisha magendo, si ili ajitajirishe, bali apate fedha za kuwashawishi wanasiasa wachimbe upya njia ya meli ili kazi irudi. Msimu huo ulionyeshwa Marekani mwaka 2003. Mwaka huo huo, hapa Katanga, ulianza mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ambao kwa huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachana na Gécamines, kampuni ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Waandishi wa Baltimore hawakuwa na habari nasi. Lakini mwonyeshe msimu ule mzee yeyote anayekaa kibarazani akilitazama dohani lile refu lisilotoa tena moshi, halafu umuulize kama anahitaji kufafanuliwa.

Msimu wa nne unaingia darasani, na unaonyesha kwamba mmoja wa waliobuni tamthilia hiyo, Ed Burns, aliwahi kuwa mpelelezi wa polisi na kisha mwalimu. Mwenzake David Simon alikuwa mwandishi wa gazeti katika mji uleule. Nilipoutazama nilisimamisha picha mara tatu, nikatoka nje kupumua. Na Breaking Bad inaanza na mwalimu wa kemia ambaye baada ya vipindi huenda kuosha magari, na mmoja wa wateja wake ni mwanafunzi wake. Wanafunzi wangu hawakuamini kwamba mwalimu wa Marekani naye ana kazi ya pili. Mimi niliamini mara moja.

Basi hizi ni hadithi zinazomheshimu mtu anayefanya kazi na kumpa saa nyingi za kutazamwa. Anayetoka kuzitazama kisha akamdharau mama aliyeshinda sokoni na anayetaka saa moja ya hadithi yake jioni, ametazama nini? Naomba mnipinge.

Mmoja wa vijana wa Alhamisi

Mwalimu, neno upuuzi lilitamkwa na mwenzetu kwa hasira baada ya kuchekwa, na tumekwenda kwa akina mama kuomba radhi. Hilo liishe. Ninachokataa ni kuambiwa tupende kwa adabu, kama mtu anayeonja bukari, yaani ugali, kwa ncha ya kidole. Ukisema kila tamthilia ni sawa na nyingine kwa sababu kila mtazamaji ni mtu, umemheshimu mtazamaji na kuitupa kazi ya mwandishi. Tofauti ipo. Katika Breaking Bad, uongo mdogo ambao yule mwalimu wa kemia anamwambia mkewe katika siku za mwanzo unarudi kumdai miaka miwili baadaye, na kila kitu anachokifanya kina bei inayolipwa na mtu fulani, mara nyingi asiye na hatia. Katika tamthilia za jioni, mtu hufa, akarudi, akapoteza kumbukumbu, na sehemu ya 140 haidaiwi chochote na sehemu ya 12.

Tena mnaisema shauku kana kwamba ni ugonjwa. The Wire ilikuwa na watazamaji wachache mno, hata ikakaribia kufutwa baada ya msimu wa tatu. Breaking Bad ilianza mwaka 2008 kwa watazamaji wasiofika milioni 2, na sehemu ya mwisho, Septemba 2013, ikatazamwa na zaidi ya milioni 10. Waliobeba kazi hizo ni watu waliokuwa wakiwasumbua rafiki zao kila siku: itazame, vumilia sehemu tatu za kwanza, utanishukuru. Sisi ndio watu hao, na tunakubali kwamba tunachosha.

Mama wa mtaa huohuo

Mwanangu, radhi nimeipokea, na maji niliyowapa mlipokuja ni ushahidi. Sasa nisikilize. Unasema tamthilia yetu haidaiwi kitu. Sisi hatuitazami kwa ajili ya hesabu hiyo. Tunapomwona msichana wa kazi akikataliwa na mama mkwe, chumba kizima kinaanza kuzungumza: nani alilipiwa mahari nusu, nani alifukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumewe na shemeji zake. Mambo ambayo mwanamke hayasemi mbele ya padri huyasema pale, kwa kumsema mtu wa kwenye skrini. Nyinyi mnataka kimya mnapotazama. Sisi tunalipa ili tuongee.

Kisha unajivunia utazamaji makini, nami niliuliza watoto wangu wanisimulie hiyo Breaking Bad yenu. Mume anapika sumu, anaua, anadanganya nyumbani kwake, na mke anayemkatalia ndiye aliyechukiwa na mashabiki, hata mwigizaji wake, Anna Gunn, akaandika gazetini mwaka 2013 kwamba chuki ile ilimgeukia yeye mwenyewe. Na ile nyumba ya Albuquerque iliyotumika kwenye picha, watu walikuwa wakifunga safari kwenda kurusha piza juu ya paa lake, hadi mtunzi Vince Gilligan akawasihi hadharani waache, kwa sababu mle ndani wanaishi watu. Hao ndio watazamaji makini? Mimi sijawahi kumchukia mwigizaji kwa sababu aliigiza mke mwenye akili.

Jambo moja zaidi, ambalo Mwalimu amelipita haraka. Chumba kile hakina mlango unaofungika, na watoto huchungulia. Kuna picha katika hizo hadithi zenu ambazo mimi, mtu mzima, sitazitazama nikiwa nimekaa karibu na mwanangu.

Kutoka Kadutu, Bukavu

Nina machache. Mwalimu ameieleza kebo kana kwamba ni HBO peke yake. Breaking Bad na Mad Men zilitoka kituo kingine cha kebo, AMC, na AMC hupitisha matangazo ya biashara kama kawaida; fedha zake nyingine hutoka kwa makampuni ya kebo yanayolipia haki ya kuisambaza. Kwa hiyo sabuni nayo ilikuwa na mkono wake katika sanaa hii.

La pili ni swali kwa vijana. Mnausifu uandishi. Flash mlizonazo, kama zetu, zina sauti za Kifaransa. The Wire yenyewe huko Ufaransa ilipewa jina Sur écoute. Mazungumzo ya vijana wa vijiweni mwa Baltimore, ambayo nasikia hata Wamarekani wengine huyafuata kwa shida, mmeyasikia yakisemwa na waigizaji walioketi studioni Ufaransa. Ni uandishi wa nani mnaousifu?

Mzee kutoka Kamalondo

Nimesoma yote na nimeshangaa kwamba hakuna aliyelitaja kundi la Mufwankolo. Kabla ya flash, kabla ya antena za sahani, mji huu ulikuwa na maigizo yake redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, si hiki cha vitabu tunachoandika hapa. Waigizaji wale walikubaliana juu ya mwenendo wa hadithi, kisha kila mmoja akayapata maneno yake pale pale, na watu wa mtaani walijitambua kwa jinsi alivyokohoa tu. Mtaalamu wa kigeni, Johannes Fabian, alikuja akafuatilia kazi ya kundi hilo katika miaka ya 1980, akaiandikia kitabu kizima kwa Kiingereza. Mgeni aliona kwamba inafaa kitabu. Sisi tunabishana juu ya New Jersey.

Simkatazi kijana Alhamisi yake. Nataka tu aniambie ni igizo lipi la mji huu ambalo amewahi kumsumbua nalo rafiki yake.

Mwandishi wa swali

Nimepigwa mahali panapouma, na nashukuru. Kuhusu AMC, ndugu wa Kadutu ana haki, nami nilirahisisha. Kuhusu sauti za Kifaransa, nakiri kwamba mimi, mwalimu wa lugha, sikuwahi kujiuliza. Lakini sikubali kwamba hakuna kilichobaki. Yule kiongozi wa makuli anapotembea kuelekea mahali tunapojua kwamba hatarudi, hasemi neno, na kutembea hakuhitaji mkalimani. Uandishi wa tamthilia ni pia kuamua nani tumfuate, kwa muda gani, na lini tunyamaze. Hayo yamevuka bahari salama. Kilichopotea ni utani, na huenda ndiyo sababu sisi huku tunaziona hadithi hizi kuwa na huzuni kuliko wanavyoziona wenyewe.

Kwa Mama nasema kwamba swali la mlango ni la haki kuliko yote yaliyosemwa hapa, na halina jibu la kisanaa, linahitaji seremala. Lakini kuhusu Anna Gunn, nafikiri ushahidi huo unaniunga mkono mimi: tamthilia ilimpa yule mke hoja zote, na mashabiki wakakataa kumsikia. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2019, zaidi ya watu milioni moja walipotia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho wa Game of Thrones utengenezwe upya, kana kwamba hadithi ni suti iliyokosewa kipimo. Shauku na usikivu si kitu kimoja, na kijana wetu anavichanganya.

Kwa mzee wa Kamalondo sina utetezi. Nimewauliza wanafunzi wangu 48 wa mwaka wa tano, na waliolijua jina la Mufwankolo ni wanne, wote kwa sababu ya babu au nyanya.

Mwenye chumba naye amesoma mjadala huu kwenye simu ya mwanawe, akaniita jana dukani kwake. Anasema mlango atautengeneza. Anachotaka kujua, na ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekigusa, ni nani atakayelipa petroli ya saa mbili ikiwa Alhamisi watakuja vijana saba.

Mmoja wa vijana wa Alhamisi

Tutakuwa kumi na wawili. Tumeshahesabu. Na kama mzee wa Kamalondo ana kanda yoyote ya Mufwankolo iliyosalia nyumbani, hata ya sauti peke yake, wa kumi na tatu atakuwa yeye, na hatalipa.