Shelfu ya kuoteshea miche ndani ya nyumba: ya waya, ya mbao, au seti iliyokamilika?

NgogweZaMinnesota (Minneapolis), Februari 9

Habari za jioni wadau. Mwaka huu nimepata kipande kwenye bustani ya jamii, futi 10 kwa 20, na nimeamua miche nioteshe mwenyewe. Madukani hapa nyanya na hoho zipo tele, ila ngogwe (nyanya chungu), mnavu na pilipili mbuzi hakuna anayekuuzia. Usipootesha, huli.

Mwaka jana nilijaribu dirishani. Miche ilirefuka kama nyuzi, yote ikalalia upande wa kioo, na nilipoitoa nje mwishoni mwa Mei upepo wa siku ya kwanza tu ukailaza chini. Iliniuma sana, maana mbegu ya ngogwe nilipewa na jirani aliyekuwa akiitunza mwaka hadi mwaka, na sasa nimebaki na kijiko kimoja.

Nimefikia njia tatu:

1. Shelfu ya waya, upana inchi 48, kina inchi 18, kimo inchi 72. Taa nanunua na kufunga mwenyewe.
2. Mume wangu atengeneze ya mbao. Ana mbao za mbili kwa nne zilizobaki alipokarabati gereji.
3. Seti iliyokamilika, shelfu na taa zake pamoja. Bei yake karibu mara tatu ya namba moja.

Itakaa besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, ambako joto sasa hivi ni nyuzi 16. Aliyewahi kutumia mojawapo naomba aseme ukweli wake.

---

Fundi_Columbus (Columbus, Ohio), Februari 9

Dada, chukua ya waya. Nimepitia ya plastiki na ya waya, na shemeji yangu ana ile seti, kwa hiyo nazijua zote kwa karibu.

Ya waya kila ubao unaushusha au kuupandisha inchi moja moja, na taa unazitundika kwenye waya wa ubao wa juu kwa kulabu na mnyororo, bila kutoboa kitu. Hewa inapita chini ya trei. Maji yakimwagika yanaanguka chini yakaonekana, hayajifichi. Na Juni ukimaliza, shelfu inarudi jikoni kubeba masufuria.

Hesabu ya nafasi: trei ya kawaida huku ni kama inchi 11 kwa 21 na nusu. Ukizipanga kwa kukingama, nne zinaingia kwenye inchi 48. Kina cha 18 kitaacha trei zichomoze inchi tatu hivi mbele, hilo si tatizo ila ukipita na kapu la nguo uwe mwangalifu. Ukipata ya kina cha inchi 24 trei zinakaa zote, lakini hapo taa mbili kwa ubao hazitoshi, utahitaji tatu.

Ya plastiki usiiguse. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua ya bei rahisi. Trei zikishanyeshewa ni nzito, ubao wa pili ukapinda katikati, maji yakateremka kwa kufuata waya wa taa hadi kwenye ekstensheni iliyokuwa sakafuni. Umeme ulikatika nyumba nzima, na nashukuru ilikuwa hivyo tu. Tangu siku ile ekstensheni yangu naifunga juu ya nguzo, na kila waya nauacha uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke pale kwenye mkunjo lisifike kwenye plagi.

---

BabaNeema_Edmonton (Edmonton, Kanada), Februari 10

Nampinga Fundi kidogo. Mbao kama unazo tayari, usiziache. Mimi shelfu yangu ni ya mbao na huu ni mwaka wa tano. Nilipima trei kwanza ndipo nikakata: upana inchi 45, kina 22, trei nne zinakaa bila kuchomoza. Duka halikuuzii kipimo hicho.

Mambo mawili mume wako asiyasahau. Apake rangi ya mafuta nyeupe pande zote, hata miisho ya mbao, la sivyo itafyonza maji na kuota ukungu. Weupe pia unarudisha mwanga kwenye miche. Pili, asiweke ubao mzima wa plaiwudi kila sakafu. Apige fito tatu au nne, trei zikae juu yake, hewa ipite. Nafasi kati ya sakafu na sakafu mimi niliacha inchi 18. Ndiyo kasoro yake hiyo: ukishapiga misumari umepiga, hupandishi wala hushushi. Kwa hiyo taa ndizo ziwe za kupanda na kushuka kwa mnyororo.

Hiyo seti siwezi kukushauri. Nyingi nilizoziona taa zimefungwa moja kwa moja chini ya ubao, haziteremki. Mche ukiwa na urefu wa sentimita mbili na taa iko nusu mita juu yake, umerudi palepale dirishani.

---

NgogweZaMinnesota, Februari 10

Asanteni sana. Hilo la taa kutoteremka sikuwa nimelifikiria kabisa. Sasa niulize kuhusu taa zenyewe: ni lazima ziwe zile za zambarau? Naona kila tangazo linazisifia.

---

Fundi_Columbus, Februari 10

Si lazima. Kwa miche midogo, taa nyeupe za kawaida za gereji zinatosha kabisa. Tafuta LED ya futi 4, wati 40 hivi, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 4,000 hadi 5,000, rangi ya mwanga kelvini 4,000 hadi 6,500. Mbili kwa kila ubao, sambamba. Faida kubwa ya mwanga mweupe ni kwamba unaiona miche ilivyo. Jani likianza kugeuka manjano au zambarau kwa kukosa chakula, chini ya taa ya zambarau hutaliona hadi limechelewa.

Umbali sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, na kila mche unavyokua unapandisha taa pete moja ya mnyororo. Saa 14 hadi 16 kwa siku, halafu giza. Nunua taima ya kuchomeka ukutani, usitegemee kumbukumbu yako.

Umeme: mbao mbili zenye taa nne ni wati 160. Kwa saa 16 ni uniti 2.56 kwa siku, kama 77 kwa mwezi. Kwangu uniti ni senti 15, kwa hiyo dola 11 na kitu. Miezi miwili na nusu tu kwa mwaka.

Kama pesa ni chache, punguza kwenye shelfu, usipunguze kwenye taa. Miche haijui imekaa juu ya nini.

---

BibiShambaLushoto (Lushoto), Februari 11

Wanangu, mmezungumza vizuri, ila hakuna aliyemuuliza anataka miche mingapi.

Nilikuwa ofisa ugani miaka mingi, na kosa nililoliona mara nyingi ni mtu kupima nafasi kwa wiki ya kusia mbegu. Trei ya matundu 72 inakaa mahali padogo, mtu anafurahi. Baada ya wiki tatu au nne miche ya nyanya inabanana, inataka kuhamishiwa vikombe. Trei hiyohiyo inabeba vikombe 18 vya inchi tatu na nusu. Sasa 72 imekuwa trei nne! Ubao mmoja uliokuwa na trei nne za mbegu unahitaji mbao nne. Hapo ndipo watu wanaanza kuweka miche juu ya friji na kando ya kitanda, inarefuka, kazi yote inaharibika.

Kwa hiyo mwanangu anza na vikombe, rudi nyuma. Shamba la futi 10 kwa 20 halihitaji nyanya zaidi ya nane, ngogwe kumi, pilipili sita. Sia ziada kidogo kwa zitakazokufa. Mchicha usiusie ndani kabisa, ungoje udongo upate joto uumwage shambani moja kwa moja. Unaota siku chache na hautaki kusumbuliwa mizizi.

Na udongo wa bustani usiuingize ndani. Kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, kinaingia nao. Utaona mche umesimama asubuhi, jioni shina limenyong'onyea usawa wa udongo na mche umelala. Huku kwetu tulikuwa tukichoma udongo kwa mvuke kwenye pipa kabla ya kujaza trei. Wewe nunua mfuko wa udongo wa kuoteshea au kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), trei za zamani zioshe, mwagilia kwa kutia maji chini ya trei badala ya juu, na weka feni ndogo ipepee taratibu. Feni hiyo pia inalifanya shina liwe nene, maana mche unajifunza kusimama.

---

NgogweZaMinnesota, Februari 11

Shikamoo bibi. Nimesoma mara mbili. Nilikuwa nimepanga kusia trei nne zilizojaa, yaani miche 288. Ningeipeleka wapi?

---

BibiShambaLushoto, Februari 11

Marahaba mwanangu. Trei moja inakutosha, na bado utagawia majirani.

---

Zuhura_Aarhus (Aarhus, Denmark), Februari 12

Mimi sina besimenti, nina fleti ya vyumba viwili na mtoto anayetambaa. Natumia shelfu nyembamba ya chuma, sentimita 60 kwa 27, trei moja kwa kila ubao, taa mbili fupi za wati 20. Nimeifunga ukutani kwa skrubu ili isiangukie mtoto. Ubao wa chini kabisa hauna kitu.

Kwetu umeme bei inabadilika kila saa, na ghali zaidi ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Kwa hiyo taa zangu zinawaka saa tatu usiku na kuzimika saa tano asubuhi, saa 14. Miche haijali ni usiku au mchana kwa saa ya ukutani, mradi ipate mwanga wake na giza lake. Ila shelfu iko sebuleni, na mwanga ule usiku unapenya hadi chini ya mlango wa chumbani. Nimeweka pazia zito, tumezoea.

Kando nimetandika ile blanketi ya fedha ya huduma ya kwanza. Inarudisha mwanga kwenye miche ya pembeni, ambayo ndiyo huwa dhaifu siku zote.

---

WanjaBalcony (Nairobi), Februari 12

Nawasoma kutoka Nairobi, kwa wenye jua la bure, lakini hata sisi wa flati tuna shida. Niko gorofa ya nne, na jua la mchana hapa linapita karibu utosini, kwa hivyo halingii dirishani vile watu wanadhani. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kusini. Dirisha langu linaangalia kusini, kuanzia Aprili mpaka Agosti ni kivuli tupu.

Suluhisho langu ni stendi ya viatu ya chuma, ngazi nne, niko nayo kwa balcony. Sukuma, spinachi na dhania zinaota ndani, kwa sababu nje ndege na konokono hawanibakishii kitu. Siku ya kwanza naona udongo umepasuka, trei inatoka nje saa hiyohiyo. Nikingoja mpaka kesho yake shina lishavutika. Sitaki taa, tokeni za umeme zenyewe zinaisha haraka. Dadangu wa Minnesota, wewe huna huo uwezo mwezi wa tatu, kwa hivyo taa ni lazima kwako, lakini hiyo ya kusogeza mapema ni ileile: washa taa siku mbegu inachungulia, usingoje majani.

---

BabaNeema_Edmonton, Februari 12

Nyongeza kuhusu nyuzi 16 za besimenti. Nyanya zitaota, ila polepole. Pilipili zitakutesa. Kwenye udongo wa nyuzi 15 pilipili huchukua kama siku 25 kuota. Kwa nyuzi 25 ni siku 8 hivi. Mbegu ikikaa wiki tatu kwenye baridi na unyevu, nyingi huoza kabla. Wewe una kijiko kimoja cha ngogwe, usicheze bahati nasibu nayo. Nunua mkeka wa joto wa trei moja, wati 20 hivi. Funika trei kwa kifuniko cha plastiki angavu hadi zichomoze, kisha mkeka zima na kifuniko ondoa.

---

NgogweZaMinnesota, Machi 27

Wadau nimerudi. Tulichukua ya mbao, kwa vipimo vya Baba Neema, sakafu tatu lakini nimewasha mbili tu. Pesa iliyobaki imeingia kwenye taa nne, taima na mkeka. Nilisia Machi 15. Pilipili mbuzi zilianza kutoka siku ya 9, ngogwe siku ya 11 na zinaendelea. Katika mbegu 20 za ngogwe nimehesabu 14. Mashina ni mafupi, manene, yamesimama wima. Sijawahi kuona miche yangu hivi.

Tatizo: vijinzi vidogo vyeusi vinaruka juu ya udongo.

---

Fundi_Columbus, Machi 27

Hongera dada! Hivyo vijinzi ni dalili ya udongo uliolowa muda wote. Acha juu pakauke kabla ya kutia maji tena, na chomeka vikadi vya njano vya gundi kwenye trei. Hizo ngogwe zilizobaki zipe siku chache zaidi. Mkeka ukiweza usogeze uwe chini ya upande wao tu.

---

BibiShambaLushoto, Machi 28

Majani mawili ya kweli, yanayofuata yale ya kwanza ya mbegu, yakitoka, hamishia vikombe. Mche ushike kwa jani, usiushike shina. Jani likichanika litaota jingine, shina likibonyea mche umekwisha. Na kuanzia wiki ya pili ya Mei uanze kuwatoa nje kivulini, saa moja, kesho yake mbili, huku unapunguza maji.

---

NgogweZaMinnesota, Aprili 13

Nimeshika majani, bibi. Miche 31 imeingia vikombeni, mmoja umekatika. Ngogwe ni 16.