Acheni kumlisha Buddha maneno ya Zhiyi

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia vya kutosha, leo naomba nitoe la moyoni.

Kuna kozi ya mtandaoni ya historia ya Ubuddha, inafundishwa kwa Kiswahili, jina lake naliacha. Nimeilipia. Kwenye somo la China na Japani wameweka orodha waliyoiita "maoni kuhusu sutra", yaani kuhusu maandiko yanayohesabiwa kuwa maneno ya Buddha. Maoni! Mtawa analipitia andiko zima neno kwa neno, analigawa sehemu, anaonyesha kila sehemu inafanya kazi gani, halafu mnasema katoa maoni?

Hilo ningelimeza. Lakini orodha yenyewe inaiweka Fahua wenju, ufafanuzi wa Sutra ya Yungiyungi, kama kitabu cha Kichina cha Zhiyi, na mistari michache chini yake Hokke mongu kama kitabu cha Kijapani cha Chigi. Jamani, hicho ni kitabu kimoja! Zhiyi (538–597), mtawa wa China, ndiye huyo huyo Chigi. Mjapani anazisoma herufi zilezile kwa matamshi yake, basi. Mmegawa mtu mmoja wawili na kitabu kimoja viwili, na wanafunzi wanakariri hivyo kwa ajili ya mtihani.

Na kilichonifanya nifungue uzi huu ni "Buddha alisema". Wanadondoa hiyo Fahua wenju, wanaandika "Buddha alisema". Hebu tuangalie kitabu chenyewe. Sutra ya Yungiyungi inaanza na maneno "Hivi ndivyo nilivyosikia". Msomaji wa kawaida anayapita. Zhiyi hapiti. Anayaeleza kwa njia nne: kwanza kwa uhusiano wa Buddha na wale waliokuwa wakimsikiliza, pili kwa ngazi za mafundisho, tatu kwa asili ya Buddha na nyayo zake, na mwisho kwa kuutazama moyo wa msomaji mwenyewe. Kisha anahamia kifungu kinachofuata. Hiyo ndiyo kazi ya wenju, kwenda kifungu kwa kifungu. Alikuwa akihadhiri, na mwanafunzi wake Guanding ndiye aliyeandika na kuhariri. Huyo Buddha aliyesema hayo mmemtoa wapi?

Majina ya Kichina yamewekwa kwa makusudi ili msichanganye. Jing ni sutra yenyewe. Lun kwa kawaida ni risala ya mabingwa wa India, kama Dazhidulun ya magombo 100 ambayo mtawa Kumarajiva aliitafsiri kwa Kichina mwanzoni mwa karne ya 5. Shu ni ufafanuzi wa sutra. Chao ni ufafanuzi wa ule ufafanuzi. Aliyesoma chuoni huku pwani hapa hapati shida: matini, sharhe yake, na hashia juu ya sharhe, na hakuna mwalimu atakayekuacha uisome hashia ukadhani ni matini.

Tazameni mtawa wa China Chengguan (738–839). Alikuwa na Sutra ya Huayan mbele yake, tafsiri ya magombo 80. Akaiandikia shu ya magombo 60. Kisha akarudi kuifafanua shu yake mwenyewe kwa chao ya magombo 90! Kozi inasema "maoni ya Chengguan", nukta. Mwanafunzi atajuaje kama alichosoma kiko hatua moja au mbili kutoka kwenye sutra?

Kwa Kijapani uzembe unaumiza zaidi. Shu inasomwa sho, "o" fupi. Chao inasomwa shō, "o" ndefu. Nyinyi mmeondoa kile kistari cha juu kila mahali, kwa hiyo ufafanuzi na ufafanuzi wa ufafanuzi vyote vimekuwa "sho". Kistari kimoja tu, mmeshindwa nini kukiandika?

Na mmeruka kisa ambacho kingewafundisha wanafunzi wenu yote haya kwa mara moja. Japani kuna Sangyō gisho, fafanuzi tatu ambazo mapokeo yanasema ni za Mwanamfalme Shōtoku (574–622), ingawa wasomi wanabishana hadi leo. Ile ya Sutra ya Yungiyungi inaegemea sana kazi ya Fayun, mtawa wa China. Ile ya Sutra ya Shengman ilisafiri kinyume: ilivuka bahari hadi China, mtawa Mingkong akaiandikia chao, na mtawa wa Kijapani Ennin akaileta hiyo chao Japani. Mchina alikaa akafafanua ufafanuzi uliotoka Japani! Bila kutofautisha shu na chao, kisa hiki hakisimuliki.

Msiniambie ni vigumu kujua kipi ni kipi. Waliochapisha Taishō, ule mkusanyiko mkubwa wa maandiko ya Kibuddha wa Japani, kati ya 1924 na 1934 walizitengea fafanuzi za Kichina za sutra juzuu zake, kuanzia la 33 hadi la 39. Fahua wenju imo kwenye la 34, shu ya Chengguan la 35, chao yake la 36. Ziko wazi mtandaoni, bure.

Nimewaandikia wenye kozi. Jibu: "Maana ni ileile." Si ileile. Nataka mfute mstari wa Hokke mongu, mrudishe vistari, na kila mlipoandika "Buddha alisema" juu ya maneno ya wenju muandike Zhiyi. Na wale waliokwishafanya mtihani watumieni orodha iliyosahihishwa.

Kama kuna mdau humu amesoma kozi hiyo, aweke hapa sehemu nyingine alizoona zimeharibiwa, nami nitaziongeza kwenye barua yangu ya pili.