Je, mwaka ulioandikwa kwenye medali ndio mwaka iliyotengenezwa?

Swali
Ndugu wanajukwaa, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya medali za ukumbusho wa watakatifu na watu mashuhuri wa historia ya majimbo mbalimbali. Hivi karibuni nimepata mbili: moja ni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo chini ya miguu yake ina tarakimu za Kirumi za mwaka 1880, na nyingine ni ya Jeanne d'Arc, yule shujaa wa kike wa Ufaransa, ya shaba, isiyo na mwaka wowote, ingawa ukiigeuza taratibu kwenye mwanga unaona ubavuni mchoro mdogo wa pembe lililojaa matunda na neno BRONZE. Je, zina umri gani? Na utando wa kahawia niusafishe?

Jibu la 1
Mwaka 1880 ni wa jubilei, yaani miaka 1,400 tangu azaliwe Benedikto, anayehesabiwa kuwa alizaliwa mwaka 480. Muundo huo ungali unatengenezwa hadi leo na mwaka haubadilishwi, kwa hiyo yako inaweza kuwa ya karne ya 19 au ya juzi tu.

Jibu la 2
Kwa Jeanne d'Arc, ubavu ndio shahidi wako. Pembe hilo ni alama ya Monnaie de Paris, kiwanda cha sarafu cha Ufaransa, iliyoanza kutumika mwaka 1880 baada ya alama ya nyuki ya mwaka 1860 hadi 1880. Kiwanda hicho hurudia kupiga chapa kwa mihuri ya zamani, ndiyo maana medali ya mfalme wa karne ya 17 yenye nyuki ubavuni ni nakala ya karne ya 19. Soma pia maandishi: Jeanne alitangazwa mwenyeheri mwaka 1909 na mtakatifu mwaka 1920.

Utando usiuguse, nakusihi. Niliwahi kusugua medali moja kwa dawa ya kung'arisha, na nywele zilizochongwa uzi kwa uzi zikawa bonge laini lisilorudishika. Ukiona unga wa kijani kibichi unaopukutika, hilo ni jambo jingine: ni kutu inayochochewa na kloridi na unyevu, basi itenge medali hiyo mahali pakavu.

Muuliza swali
Nashukuruni sana. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia na kukuta neno «Sainte» (yaani Mtakatifu kwa Kifaransa) kabla ya jina, kwa hiyo daftarini nimeandika «huenda ni baada ya 1920». Utando nimeuacha.